Mlenda Ulioota Kwenye Kokoto

Festo aliendesha magari ya watu wengine tangu ujana wake mpaka alipostaafu. Alikuwa dereva wa ofisi moja mjini Singida, akiwapeleka wakubwa kazini na kuwarudisha kwao jioni. Katika nyumba zao aliona kitu kimoja akakitamani kuliko vyote: njia ya gari iliyomwagwa kokoto kutoka getini hadi barazani, ambapo tairi hupita likilia kama mtu anayetafuna bisi, na matope hayapandi. Alijiapia kwamba akistaafu atakuwa na njia ya namna hiyo. Mtu kutamani kitu kidogo si dhambi. Dhambi huanza pale kitu kidogo kinapopewa kiti cha kitu kikubwa.

Alistaafu, akajenga Ilongero, akanunua gari dogo lililochoka, akamwaga kokoto. Zilikuwa nzuri, za mawe ya hapa hapa, zilizopondwa kwa nyundo na kina mama wanaokaa juani kutwa nzima. Kiangazi chote njia ile iling'aa. Kisha mvua za kwanza zikanyesha, na kati ya kokoto kukachomoza kijani.

Mbigili zilitambaa pembeni. Ukoka uliingia kutoka kwa jirani. Ndago zilitoboa katikati, palipokuwa pagumu kuliko pote. Lakini kilichoota kwa wingi kilikuwa mlenda pori, ile mboga ya utelezi. Festo alianza na jembe. Jembe likazizika kokoto kwenye udongo na kuiacha mizizi palepale. Akamwaga maji ya moto, akamwaga chumvi. Majani yalinyauka, mvua ikanyesha, yakarudi.

"Baba Noel, yang'oe kwa mkono wakati udongo umelowa," mkewe Winfrida alimwambia. "Mzizi unatoka wenyewe."

"Mimi niiname getini kwangu kama kibarua?"

"Basi waachie wanaoinama."

Waliokuwa wakiinama ni wanawake wa jirani. Huku kwetu mlenda pori hauna mwenyewe. Kilichopandwa na mvua ni mali ya mkono unaokichuma, hata kikiota mlangoni pa mtu. Aliyechuma kwako, akishaukausha na kuutwanga, hukuletea bakuli la unga wake, na hiyo ndiyo shukrani. Wanawake waliingia alfajiri na vikapu, wakang'oa mlenda na mizizi yake, wakaondoka. Kama Festo angekuwa na macho ya kuona, angeona kwamba walikuwa wakimpalilia bure.

Yeye aliona nyayo. Aliona kokoto zilizotawanyika. Asubuhi moja alimkuta Stumai katikati ya njia, kikapu kimejaa. Stumai ni mama yake Idrissa, jirani wa uzio mmoja, rafiki wa Winfrida wa miaka mingi, mwanamke mwenye ulimi mwepesi.

"Mama Idrissa, hii ni njia ya gari, siyo shamba."

"Kwani shemeji, gari lako linakula mlenda?" Stumai alijibu bila kuinuka. "Kama linakula nambie, nilibakizie."

Wenzake waliokuwa getini waliangua kicheko.

"Nakwambia kwa heshima. Sitaki kuona mtu hapa tena."

"Ukituona utatufanya nini? Utatupigia honi?"

Kicheko kile Festo alikwenda nacho mpaka kanisani, alikokuwa mzee wa kanisa, na kilikaa naye kwenye benchi ibada nzima.

Winfrida aliposafiri kwenda Iguguno, kumsaidia binti yao Dina aliyejifungua, Festo alimwita mpwa wake Antipasi, ambaye hulima alizeti na ana bomba la kupulizia dawa. Antipasi alikuja na bomba mgongoni na dawa ya kuua magugu kwenye chupa. Aliinunua kwa kupimiwa, kama wengi wanavyonunua. Walipuliza jioni, upepo ulipotulia, kutoka barazani hadi getini. Majani yalilowa yakang'aa, yakaonekana mazuri kuliko siku zote.

"Mjomba, tuweke alama," Antipasi alisema akiosha mikono. "Shambani huwa nafunga kitambaa chekundu kwenye mti. Watu wakikiona hawachumi."

"Kitambaa chekundu? Getini kwangu?"

"Ndiyo, mjomba. Siku chache tu."

"Unataka waseme mzee wa kanisa amekwenda kwa mganga? Kesho mchungaji akipita hapa nimweleze nini?"

"Basi waambie kwa mdomo."

"Nimeshawaambia wasiingie. Anayeingia amejiingiza."

Antipasi alimtazama mjomba wake, kisha akatazama chini, kwa kuwa huku mdogo habishani na mkubwa mara mbili. Aliiacha chupa iliyobaki stoo, akaondoka na bomba lake.

Asubuhi Festo alikwenda mjini kwenye mkutano wa wazee wa kanisa, akalala huko kwa ndugu. Aliporudi alisimamisha gari getini, akashuka. Hakuingia.

Mbigili zilikuwepo, ndago zilikuwepo. Mlenda haukuwepo. Kati ya kokoto kulikuwa na vishimo vidogo vidogo, kila kimoja mahali mzizi ulipotoka.

Alikwenda kwa Stumai kwa miguu. Nyuma ya nyumba ya Stumai kuna jabali pana, tambarare, linaloshika joto, na wanawake wa mtaa huo wote huanika mboga zao pale. Siku ile jabali lilikuwa la kijani kutoka ukingo hadi ukingo. Mlenda wa kwake ulikuwa umechanganywa na wa mashambani, wa bondeni, wa kandokando ya barabara. Hakuna macho ambayo yangeutenganisha.

"Karibu shemeji!" Stumai aliita. "Umekuja kunikamata? Pingu ziko wapi?"

Hapo Festo alikuwa na neno moja la kusema. Lilikuwa neno fupi, na jabali lote lingefagiwa jioni ile ile, wakamsema wiki nzima na mambo yakaisha. Lakini pale walikuwepo wanawake wale wale waliocheka getini.

"Nimepita kusalimia tu," alisema.

Njiani alijiambia kwamba jua litaiunguza dawa. Alijiambia kwamba dawa yenyewe ni kidogo. Mtu anayejidanganya hakosi msaidizi; yeye mwenyewe hujitosha.

Siku zilizofuata magugu yaliyobaki yaligeuka manjano, halafu kahawia, halafu meusi kama yaliyopitiwa na moto. Festo aliyafagia. Njia ikawa safi kama alivyoiota, na kila alipoipita alitembea haraka.

Kabla Winfrida hajarudi, Stumai alileta bakuli. Unga wa mlenda ulikuwa laini, wa kijani iliyoiva, umefunikwa kwa kitambaa.

"Wa njiani kwako umo humo, shemeji. Usiseme tumekuibia."

Festo alishukuru. Stumai alipokwisha kuondoka, Festo alikwenda na unga ule chooni, akaumwaga wote shimoni, akaosha bakuli kwa sabuni, akaosha tena. Hivyo alijua. Mtu anayejua kiasi cha kuogopa kula hawezi kudai mbele za Mungu kwamba hakujua.

Winfrida aliporudi, jambo la kwanza alilotazama lilikuwa ile njia.

"Umepulizia dawa."

"Antipasi alipuliza."

"Na Stumai anajua? Si ndiye anayechuma hapa?"

"Anajua," alisema Festo.

Winfrida akaridhika, maana hakuwahi kumshika mumewe kwa uongo.

Mvua ikakata katikati ya msimu. Mboga mbichi zikakauka mashambani, na watu wakafungua viroba vya mlenda mkavu mapema. Ndipo Mzee Ahmadi, aliyekaa nyumba ya pili baada ya Stumai, alipofariki. Mtaa mzima ulikwenda msibani, Waislamu na Wakristo, kama ilivyo desturi yetu. Wanaume walikwenda kuzika. Wanawake walibaki jikoni, kila mmoja na alichokuja nacho, na unga wa mlenda wa nyumba nyingi ukamiminwa kwenye sufuria moja kubwa. Mpishi wa mboga alikuwa Winfrida, aliyesifiwa kwa mkono wake wa karanga.

Waliporudi makaburini wanaume waliketi kwenye mikeka. Ugali wa uwele uliletwa ukifuka moshi, na bakuli la mlenda likawekwa katikati. Kwenye mikeka yote hakukuwa na aliyemzidi Festo umri. Kwa desturi, mkubwa asipomega, hakuna anayenyoosha mkono.

"Tangulia, mzee," alisema kijana mmoja akimnawisha.

Festo alitazama bakuli. Mlenda uliteleza kingoni taratibu, kijani kibichi. Kutoka mikeka mingine macho yalikuwa yakimsubiri, na chini ya ukuta watoto walikuwa wamekaa na sinia lao, nao wakisubiri.

"Mzee, chakula kinapoa."

Mkono wake ulikuwa umefika juu ya ugali. Aliurudisha.

"Msile," alisema.

Walisikia wa mkeka wake tu. Alisimama, akasema tena kwa nguvu ile aliyosomea matangazo kanisani. "Msile mboga! Watoto, toeni mikono! Mlenda huu una sumu. Umechumwa kwangu. Nilipulizia dawa, na sikusema."

Wanawake walitokea mlango wa jikoni mmoja baada ya mwingine. Stumai alikuwa mbele, na nyuma yake Winfrida, mwiko mkononi, midomo ikimetameta kwa utelezi wa mlenda. Mpishi lazima aonje, chumvi, karanga, chumvi tena. Stumai naye alikuwa ameonja pamoja naye, wakicheka.

"Uliniambia anajua," alisema Winfrida.

Festo alisema atakwenda kuleta gari. Alikimbia, mzee yule, akapita juu ya kokoto zake, akarudi na gari mpaka mlangoni pa msiba. Winfrida na Stumai walipita kando yake wameshikana mikono, wakapanda bodaboda mbili zilizokuwa zikingoja. Alizifuata nyuma kwenye vumbi lao hadi zahanati.

"Ni dawa gani?" mganga alimuuliza, kalamu mkononi. Ndani, Stumai alikuwa ameanza kutapika. "Jina lake, mzee. Dawa hizi hazifanani. Siwezi kuwatibu kwa kubahatisha."

Festo hakujua jina. Alimpigia Antipasi, na Antipasi akasema aliuziwa kwa kupimiwa na mtu wa gulioni, naye jina hakuliuliza.

"Angalia kwenye chupa, mjomba, labda muuzaji aliandika kitu. Iko stoo."

Alirudi nyumbani. Geti lilikuwa wazi. Kokoto zililia chini ya tairi kama zilivyolia kwa wakubwa wake wa zamani, na kutoka getini hadi barazani hakukuwa na jani hata moja. Aliingia stoo, akaiona chupa juu ya rafu, akaitoa nje kwenye mwanga.

Ilikuwa chupa ya juisi. Aliigeuza huku na huku. Ilikuwa na picha ya nanasi, na chini ya picha, maji ya rangi ya chai yalitikisika.