Gangrini ya Dada Domina

Harufu iliyojaa nyumbani kwetu Nyakitonto msimu ule wa kuvuna maharage ilikuwa tamu kidogo, kama ya ndizi zilizofukiwa shimoni zikasahauliwa. Ilitoka mguuni kwa dada yangu Domina. Nilikuwa na miaka tisa, yeye kumi na mmoja, na nasema bila kuficha: badala ya kumhurumia nilimwonea wivu, wivu wa kukosa hata hamu ya kula. Aliumwa na nyoka shambani asubuhi moja. Jirani yetu, kwa nia njema, akamfunga mguu kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, akakaza kwa nguvu zake zote ili sumu isipande. Kwetu ndivyo ilivyokuwa, na aliyekaza sana ndiye aliyesifiwa. Tyubu ile haikufunguliwa mpaka jioni, walipofika hospitali Kasulu. Sumu haikumdhuru sana, lakini vidole viwili vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi. Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani daktari alimwambia mama, "Hii ni gangrini. Damu haikufika, nyama imekufa. Mrudisheni baada ya wiki mbili. Weusi ukipanda, itabidi tukate mguu."

Neno lile lilienea kijijini upesi kuliko moto wa kiangazi. Watu waliingia uani, wakasalimu kwa Kiha, "Mwakeye, Mama Domina," kisha wakaomba kuiona gangrini. Walileta mayai, walileta soda, mmoja akaleta mkate mzima kutoka mjini. Mihogo ikioza shambani, watu wakasema ina gangrini. Redio ya baba ikizimika, gangrini. Mama mmoja Mkongo kutoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, aliyewahi kuwa muuguzi kwao na sasa alipita akiuza vitenge, akauinamia mguu, akatikisa kichwa. "Hii ni nekrozi, mama," alisema. "Sisi kule tunasemaka nekrozi." Basi dada yangu akawa na majina mawili ya ugonjwa mmoja! Mimi nilipougua, mafua yaliitwa mafua tu, nikatumwa maji kama kawaida. Hata mama mwenyewe aliitwa kwa jina la Domina. Nilisimama mlangoni nikimtazama Domina akimenya yai lake, nikaona dunia hii imegawanywa vibaya.

Siku ya tisa au ya kumi baada ya Domina kurudi, watu wote wakiwa shambani na mimi nimeachwa kumwangalia mgonjwa, nilichomoa uzi kwenye gunia, nikaenda nyuma ya jiko. Nilijifunga kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, nikazungusha mara nyingi, nikakaza fundo kwa meno. Nikakaa kungoja gangrini yangu. Kidole kilivimba, kikawa chekundu, kisha kikawa na rangi ya zambarau, na maumivu yakapanda mpaka kwenye kwapa. Nilipoogopa na kutaka kufungua, uzi ulikuwa umezama kwenye ngozi. Nikaanza kulia.

Domina hakuwa ameshuka kitandani tangu arudi kutoka hospitali. Siku hiyo alikuja akitambaa, mguu mbovu ameuinua juu, akanikuta. Alikishika kidole changu, akakitia mdomoni, akautafuna ule uzi mpaka ukakatika. Mdomo wake ulikuwa na damu yangu.

"Wewe mjinga," alisema, naye analia. "Unataka hii? Kila asubuhi nakusikia ukikimbia kwenda shule, nakuchukia. Nakuonea wivu mpaka najifunika shuka."

Nilimbeba mgongoni kumrudisha kitandani, ingawa alinizidi uzito.

Weusi haukupanda. Walikata vidole viwili, mguu ukabaki. Mimi nilikuja kusomea uuguzi, na siku hizi nafanya kazi Kibondo. Chuoni nilisoma kwamba maneno yote mawili asili yake ni Kigiriki cha kale: gangrini ni kidonda kinachokula mwili, na nekrozi limezaliwa na neno la maiti. Nayaandika kwenye faili za wagonjwa kila mara, siyatamani tena. Wanaokuja wamefungwa kwa tyubu wamepungua, lakini hawajaisha, na kila ninapolegeza fundo hukitazama kidole changu cha shahada.

Domina ana duka lake Kasulu, na wageni wakiona mguu wake huomba kisa. Anajua kusimulia kuliko mimi, watu hucheka na kulia hapohapo. Huanza na nyoka, humalizia na vidole vyake viwili, na miaka yote hii, hata mama akiwepo, kidole changu hajawahi kukitaja. Hapo ndipo wivu wangu wa zamani unaponirudia, ninapoketi pembeni na soda yangu. Namwonea wivu wa moyo ule, kwa sababu ingekuwa mimi, ningesema siku ileile.