Fundi viatu aliyetaka kisukari kibaki nyumbani

"Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Andika hivyohivyo," anasema fundi viatu, baada ya kutema kiganjani misumari mitatu aliyokuwa ameibana midomoni.

Saa mbili asubuhi, kibanda chake kinanuka gundi na ngozi. Mteja wa kwanza, mwalimu mstaafu, ameketi kwenye kigoda na mguu wake wenye soksi nene.

"Vua soksi," fundi anamwambia.

"Namba yangu ni ileile, fundi. Wewe nishonee tu."

"Sikukuuliza namba. Vua soksi nione."

Mwalimu anavua shingo upande. Ubavuni mwa kidole gumba kuna kidonda. Fundi anachukua penseli. Anauchora mguu juu ya kadibodi, na pale penye kidonda anaweka alama: hapo hapatapita mshono.

Wateja wake wengi wana kisukari, watu ambao mguu ukifa ganzi hausikii tena kiatu kinapobana. Hushona jozi nne kwa wiki. Zinatosha kodi na chakula, "na nafasi kidogo ya kulalamika."

Yeye mwenyewe anacho. Alijua mwaka juzi, msumari ulipopenya soli ukamwingia kisiginoni, akashinda nao kutwa bila habari. Mkewe, anayeshona bitana kwa cherehani nyuma ya kibanda, ndiye aliyeona damu sakafuni.

"Alinicheka kwanza, akalia baadaye," anasema fundi. "Afadhali alianza na kicheko."

Miezi michache iliyopita binti yao anayeishi ng'ambo alijifungua mtoto wa kwanza. Akamtumia baba tiketi, lakini viza haitoki bila bima ya safari. Ndipo alipokuja wakala wa bima, dada mmoja mchangamfu, akaketi kwenye kigoda kilekile cha wateja.

"Baba, kuna ugonjwa wowote ulio nao tayari?"

"Mimi? Mzima kama chuma, mwanangu."

Cherehani ikanyamaza.

"Mama watoto, shona," fundi akasema bila kugeuka.

"Usiandike kwanza, mwanangu," mkewe akamwambia wakala. "Hicho chuma kina kutu. Ana kisukari."

"Kisukari changu hakina pasipoti! Kitabaki hapa na wewe."

Wakala alicheka, kisha akaacha kucheka. "Baba, ukilazwa huko wakagundua ulificha, wanaweza wasilipe hata senti. Bili itamwangukia binti yako."

"Na nikisema?"

"Wanaweza kuongeza bei, au kutaka barua ya daktari. Wanaweza pia kukataa. Siwezi kukuahidi."

Hilo la kukataa ndilo lililomtia hofu.

"Bei sikuiogopa sana," anasema sasa, akipangusa gundi vidoleni. "Niliogopa mjukuu wangu akue akinijua kwenye simu tu, babu kichwa kisicho na miguu."

Hawakumkataa. Walitaka barua ya daktari, na malipo yakapanda kwa robo. Anaondoka mwezi ujao. Juu ya meza, katikati ya makopo ya gundi, kuna jozi ya viatu vyekundu vinavyoenea kiganja kimoja, laini ndani, havina mshono wa kukwaruza. Anataka kumvalisha mtoto kwa mkono wake mwenyewe.

Lakini mtu mbishi namna hii alikubalije kusema? Fundi anatupa jicho kwenye cherehani na kuanza kucheka kabla hajajibu.

Alibisha kwelikweli, anakiri. Alisimama katikati ya kibanda, wakala akisikia, watu wa nje wakisikia. "Mwili ni wangu!" alimwambia mkewe. "Hao wa bima wanataka kuchungulia nini? Waniuzie tu, mengine hayawahusu!"

Mkewe hakupandisha sauti. Alikata uzi kwa meno, akamtazama miguuni.

"Vua soksi, baba watoto."