Karatasi Nzuri Iliyobaki Chini ya Godoro

Ujumbe uliingia Jumatano asubuhi katika kundi letu la simu la wanafunzi wa kuchora kwa rangi za maji, kundi ambalo kwa kawaida halina habari kubwa kuliko picha za maembe yaliyochorwa vibaya. Aliuandika mwalimu wetu: mzee wetu wa mabango hatunaye, ameanguka alfajiri akitia udhu, anazikwa leo hii baada ya adhuhuri, msiba uko Mbagala kwa binti yake. Nilisoma mara mbili, nikaweka simu mezani, nikaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa visafi. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua safu hii haina desturi ya kulialia. Leo mnivumilie. Nina kosa la kuungama, na niliyepaswa kumwomba radhi ameshafukiwa.

Alikuwa mwandika mabango wa Kariakoo, mzaliwa wa Kariakoo, Mzaramo wa kweli kweli. Kama uliwahi kuona kibanda cha kinyozi chenye vichwa vitatu ukutani, vyote vikitazama upande mmoja na vyote vikiwa na shingo ndefu kupita kiasi, ile ilikuwa kazi yake. Aliandika maduka ya vitenge, magenge, hoteli za pilau, na duka moja la vipuri alilolifuta na kuliandika upya mara nne, kwa kuwa mwenye duka alikuwa akibadili jina kila akigombana na nduguye. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya turubai, vijana wakawa wanatoa bango zima kabla chai haijapoa, na simu yake ikanyamaza. Nilipomfahamu, kazi iliyombakia ni kuandika USIKOJOE HAPA kwenye kuta za watu. Aliiandika vizuri mno, herufi zina vivuli, mpaka mtu aliona haya kukojoa.

Tulikutana darasani. Mimi nilipelekwa na presha. Daktari aliniambia nitafute jambo la kufanya lisilo na hasira ndani yake, nami kwa kazi hii ya kuandika nilikuwa sina. Chumba kilikuwa ghorofani, juu ya duka la vitambaa, dirisha likitazama viwanja vya Mnazi Mmoja. Tulikuwa wanafunzi sita, watu wazima watupu. Mwalimu alikuwa binti anayeweza kuwa kitinda mimba wangu. Alitupa shikamoo mmoja mmoja kwa adabu zote, tukaitikia marahaba, halafu akaanza kutuamrisha kama askari. Hutaamini jinsi watu waliozaa, waliozika na waliopandishwa mahakamani wanavyoweza kutetemeka mbele ya karatasi. Mzee ndiye aliyetetemeka kuliko sote. Siku ile ya kwanza alikagua kisanduku chake cha rangi, akanyanyua mkono kama mtoto wa shule.

"Mwalimu, nyeupe iko wapi?"

"Nyeupe ni karatasi, babu. Unapotaka nyeupe, hapaguswi."

"Sasa nikikosea, nafunika na nini?"

"Hufuniki."

Mzee akakifunga kisanduku. "Mwanangu," akasema, "mimi miaka yote hii nimekula kwa kufunika." Tulicheka, lakini alikuwa amesema kweli. Kwenye bango unaanza kwa kupaka rangi nyeupe mara mbili, unaandika, herufi ikienda upogo unaipangusa kwa kitambaa chenye thina ya kuyeyushia rangi, unarudia. Alikuwa fundi aliyezoea kusamehewa na ubao, na sasa amepewa karatasi isiyosamehe.

Siku hiyohiyo aligundua kuwa mimi ni Mnyamwezi wa Tabora. Akaiweka brashi chini. "Kumbe mtani! Nyie si mlikuja pwani na mizigo kichwani, mkasahau njia ya kurudi?" Nikamjibu kwamba tulikuta wenyeji wanacheza ngoma, tukaona tuwasubiri wamalize, na mpaka leo hawajamaliza. Basi ikawa hivyo kila Jumamosi. Kwa vijana mnaosoma hapa bila kujua, utani wa makabila ulikuwa na sheria zake: mtani ana ruhusa ya kukusema lolote, popote, hata penye maiti, na ukinuna aibu ni yako. Ni desturi ninayoipenda. Ndiyo iliyonipa ruhusa ya kufanya nilichofanya.

Mzee hakuja kujifunza kwa ajili ya kupitisha muda. Nyumba aliyozaliwa, mtaa wa pili kutoka sokoni, ile ya vyumba sita na ukumbi katikati na uani nyuma, ndugu walikuwa wamekubaliana kuiuza. Walikuwa warithi wengi, na yeye sauti yake moja haikutosha. Aliyeinunua alitaka kupandisha ghorofa. Mzee alitaka kuichora kabla haijaanguka. Nilimwambia aipige picha kwa simu, yaishe. "Simu itanipigia mabegi," alinijibu, na ni kweli, kwa kuwa baraza lote la mbele lilikuwa limekodishwa, mabegi ya shule na ndoo za plastiki zimening'inizwa mpaka darini, huoni ukuta. Yeye alitaka baraza lenye mama yake, karai na vitumbua. Alikwenda mjini akanunua karatasi moja, ile nene nzuri ambayo mwalimu alituonyesha kwa mbali tu. Akaifunga kwenye gazeti, akailaza chini ya godoro, ikae humo mpaka mkono wake ukomae.

Mwalimu alikuwa na dawa yake ya woga. Alituambia tuchukue karatasi rahisi, tuimwagie maji machafu ya kuoshea brashi, kisha ndiyo tuanze kuchora. "Ichafueni kwanza. Ikishachafuka hamtaiogopa." Kwangu ilifanya kazi. Mzee ilimchukua wiki nyingi, lakini Jumamosi moja alijitosa, kwenye karatasi rahisi, akachora nyumba yao. Akaweka bati lenye kutu, vizuri kabisa. Halafu, kwa haraka ya mtu wa mabango, akaweka ukuta kabla bati halijakauka. Rangi zikakimbiliana. Bati likamwagika ukutani, ukuta ukaingia barazani, kila kitu kikawa rangi ya maji ya kuoshea masufuria. Akarudi nyuma hatua moja, akatutazama. Alinitazama mimi.

"Mtani, hongera!" nikasema kwa sauti. "Wenye katapila watakushukuru, umeshawabomolea!"

Chumba kilipasuka kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alifunika mdomo. Mzee alicheka kuliko sote, kama sheria inavyotaka, akaikunja ile karatasi mara nne na kuitia kwenye mfuko wa shati. Mimi nilirudi nyumbani nimefurahi, najiona mtu mwenye ulimi. Tangu siku hiyo hakukosa darasa hata mara moja. Alichora maembe, vikombe, chupa ya chai, miguu ya mwalimu. Nyumba hakuichora tena. Nikimuuliza, jibu lilikuwa moja: "Mkono haujakaa sawa, mtani."

Siku waliyoanza kubomoa alinipigia. "Wameshafika," akasema, akakata. Nilimkuta ng'ambo ya barabara katikati ya marobota ya mitumba, amevaa kofia yake, mikono nyuma. Kariakoo haisimami kwa ajili ya nyumba ya mtu. "Oya, pisha mzigo! Mzee, pisha!" Wabeba mizigo walikuwa wanatupita huku na huku, na vumbi linatua kwenye maandazi ya mama mmoja ambaye wala hakuyafunika. Ukuta wa mbele ulipolala, chumba cha mama yake kikaonekana kutoka barabarani, rangi ya waridi, na msumari wa chandarua bado uko pale juu. Nami, Mungu anisamehe, nikauliza, "Uliichora?"

"Bado."

"Basi utaichora kwa kichwa."

"Kichwani ipo," akasema. "Tatizo ni mkono." Nikampeleka kunywa chai. Hakuinywa.

Msije mkadhani napinga maghorofa. Mimi mwenyewe naishi ghorofani na lifti ikiharibika natukana kama wengine. Kinachonikera ni wepesi wetu. Tunabomoa nyumba asubuhi na jioni hakuna anayekumbuka ilikuwa na madirisha mangapi. Na ni wepesi huohuo tunaowatendea wanaoanza jambo. Mtu mzima akijaribu kuendesha gari, akijaribu lugha, akijaribu kuogelea pale ufukweni, tunapanga mstari kumcheka, kisha tunashangaa kwamba mji umejaa watu wenye "nilikuwa nataka." Wazee walisema mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Nimeyaandika maneno hayo mara nyingi kuwaonya wengine.

Siku ya tatu, baada ya hitma, nilikuwa Mbagala, tumekaa kwenye mikeka na wanawake wenzangu. Dada yake marehemu, bibi mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo, akauliza, "Mtani wa marehemu yuko wapi? Mbona msiba umepoa hivi?" Sikuwa na pa kujificha. Nikaiangua kofia ya marehemu kwenye msumari, nikaivaa, nikaomba mwiko uwe brashi na gazeti liwe karatasi. Nikamwigiza. Nikanyanyua mwiko, nikazuia pumzi, nikaisogeza karatasi kushoto, nikairudisha kulia, nikaweka mwiko chini, nikajifuta jasho, nikaitisha chai. Nikaanza tena. "Ndiye huyohuyo!" bibi alipiga kelele, na wanawake wakacheka mpaka machozi. Binti wa marehemu naye alicheka, kisha akaacha ghafla, akaingia ndani. Alirudi na kitu kilichofungwa kwenye gazeti kuukuu.

"Mama, umejuaje? Alikuwa anafanya hivyohivyo kila Ijumaa akitoka msikitini. Anaitoa, anakaa mbele yake, anairudisha chini ya godoro."

Ilikuwa ile karatasi nzuri, haina hata nukta ya rangi. Juu yake ilikuwa karatasi nyingine, imekunjwa mara nne. Nikaikunjua. Ni lile tope la bati na ukuta nililolicheka darasani. Pembeni, kwa herufi zake za bango zenye vivuli, alikuwa ameandika: YA KWANZA. Nilivua kofia. Wenzangu waliendelea kucheka wakidhani bado naigiza.

Mtani ana haki ya kuondoka na kitu cha marehemu, na binti alinipa ile karatasi nzuri. Nyumbani niliigeuza kwenye mwanga, nikaona madoa ya kahawia kila mahali, kama yale ya uzee kwenye mikono yangu mwenyewe. Nikaweka rangi, ikazama kama maji kwenye mchanga. Mwalimu alinieleza kwamba karatasi nzuri ina gundi inayoishikilia rangi juu, na joto letu na unyevu vikikaa nayo muda mrefu, gundi hufa. Kwa hiyo hata angejitosa Ijumaa ile ya mwisho, ingemkataa. Nilichora hivyohivyo. Bati, baraza, karai, mama aliyeinama. Nilipofika mlangoni nikakwama, nikampigia binti kumuuliza mlango ulikuwa rangi gani. 

"Sikumbuki, mama. Kila Idi alikuwa anaupaka rangi iliyobaki kwenye mabango. Mwaka huu bluu, mwaka mwingine kijani. Rangi ya mwisho, yeye ndiye aliyeijua."

Basi mlango nimeuacha mweupe, maana nyeupe ni karatasi isiyoguswa. Msomaji wangu, ipo siku mtu mzima atajaribu jambo mbele yako, ataliharibu, atarudi nyuma hatua moja na kukutazama. Ujue anakuuliza kama aendelee. Mimi niliulizwa hivyo Jumamosi moja, nikajibu kwa kuchekesha watu.