Kwa Nini Mkusanyi Aliitaka Kengele

Mtaa mzima ulimwita Mkusanyi, hata watoto waliokaa kwenye kiti chake kunyolewa. Jina lilitoka redioni. Kwa miaka mingi kinyozi huyu, mtu mfupi, mpole, mwenye vidole vinavyonukia poda, ndiye aliyekuwa sauti ya adui katika mchezo uliorushwa kila Jumamosi mchana: Mkusanyi, bwana wa ngome ya mawe, anayezunguka dunia akitafuta vitu vya ajabu. Alishapata kitana kinachorudisha ujana. Alishapata kikombe kisichokauka. Sasa aliitaka kengele ambayo ikilia, kila kilicho hai husimama kusikiliza. Vijiji vizima vilichomwa kwa ajili ya kengele hiyo, na mwenye kuvichoma alikuwa mtu asiyeweza kuua mende nyumbani kwake. Mende waliuawa na mkewe, kwa kandambili.

"Mkusanyi, usinikate sikio ukalitie ghalani kwako," wateja walimtania.

"Sikio lako halina uchawi, mjomba. Lina nta tu."

Studio ilikuwa chumba kimoja, kimegawanywa kwa kioo, nyuma ya duka la vitambaa, kuta zake zimetundikwa mablanketi ili sauti isidunde. Karatasi za mchezo ziliwekwa juu ya taulo lililokunjwa zisije zikachakacha. Na kwa kuwa kinyozi hakuweza kufunga duka ila Jumatatu, walimrekodi peke yake, maneno yake yote kwa mkupuo. Maneno ya shujaa alisomewa na fundi mitambo, kwa sauti ya mtu anayesoma maelekezo ya dawa. Hivyo ndivyo Mkusanyi alivyotishia kuiteketeza dunia: mbele ya mtu anayepiga miayo.

Jumatatu moja sauti yake ilitoka imekwaruzika, kama mlango wa bati unaoburutwa sakafuni. Alikuwa na kikohozi kisichokwisha. Alitaka kuomba radhi, lakini nyuma ya kioo Mtunzi, mama wa makamo aliyeuandika mchezo huo tangu mwanzo, aliinua mikono yote miwili.

"Hiyo hiyo! Umeitoa wapi hiyo?"

Kinyozi akatabasamu. Sifa ni tamu. "Nimeifanyia mazoezi, mama."

Tangu hapo Mtunzi alimwandikia hotuba ndefu zaidi, apate kuikwaruza zaidi. Wasikilizaji walituma salamu kwamba watoto wao wanajificha chini ya meza. Sauti ilipoanza kung'aa kidogo, Mtunzi alimwambia, "Ichafue, ichafue," naye akaichafua. Asubuhi za Jumatatu alipiga kelele ndani ya mto wa kulalia kabla ya kwenda studio. Ugonjwa ulikuwa ukipigiwa makofi, na kama mtoto anayepigiwa makofi, ulizidi kuchezacheza.

Mkewe, mshonaji wa sare za shule, ndiye aliyeugundua, tena mezani.

"Nipe chumvi," alisema kinyozi.

"Baba watoto, Mkusanyi mwache studio. Hapa niombe chumvi wewe mwenyewe."

Akacheka. Akanywa maji, akasafisha koo, akajiweka sawa kama mtu anayevaa shati lake la nyumbani. "Nipe chumvi."

Ilikuwa ile ile. Akajaribu kunong'ona, akajaribu kuimba kidogo, wimbo aliombembelezea binti yao alipokuwa mchanga. Katikati ya wimbo sauti ikakatika, pakabaki pumzi. Mkewe aliweka kijiko chini polepole sana, kama vile sahani ingeweza kushtuka.

Daktari alimpitishia kamera nyembamba puani, na wote wawili wakaona kwenye kioo cha mashine kitu ambacho kinyozi hakuwahi kukifikiria kuwa na sura: nyuzi mbili nyeupe za sauti zikifunguka na kufumbana, na juu ya mmoja, uvimbe. Ulikaa pale kama punje ya mchele juu ya uzi wa gitaa.

"Huu tuukate, upesi, tuupime," alisema daktari. "Tukiuacha unaweza kuwa kitu kingine."

"Na sauti yangu?"

Daktari alitazama kioo, hakumtazama yeye. "Tutajitahidi."

Alitoka mle na neno hilo. Kinywani mwa daktari hamkuwa na neno la kutisha kuliko hilo. Kinyozi asiye na sauti ni nani? Mikasi ipo kila mtaa. Watu walikuja kwake kwa maneno. Na pale nyumbani, nani atamwita mkewe kutoka uani? Nani atacheka? Alijiona ameketi kati ya watu wake kama kabati.

Siku ya kulazwa ilipofika alivaa, akatoka, akaenda dukani kunyoa. Jioni alimwambia mkewe, "Wameahirisha. Daktari amesafiri."

Halafu akaanza kutafuta.

Mteja mmoja alimvulia bangili ya shaba iliyomponya shangazi yake. Akaivaa, na kweli, kwa muda hofu ikalala. Ilipoamka, akatafuta asali ya nyuki wadogo wa pangoni. Hofu ikalala tena. Ikaamka. Akapata jiwe jeusi la kushikiza kooni, kisha chupa ya mafuta yaliyoombewa, kisha kipande cha gome kilichofungwa uzi mwekundu. Kila kitu alikificha kwenye droo chini ya kioo cha duka, nyuma ya nyembe. Alizidi kukwaruzika. Hata kumeza mate sasa kulikuwa na maumivu yake.

Siku moja mpita njia alitaja mzizi unaouzwa ng'ambo ya mji, unaoyeyusha uvimbe wowote. Kinyozi alikuwa na mteja kitini. Akaweka mashine chini, akachukua baiskeli, akaenda.

Mteja yule alingoja, akachoka, akamfuata mshonaji nyumbani.

"Shemeji, nitazame vizuri. Mumeo ameniacha nusu kichwa. Upande huu ni mimi, upande huu ni mgonjwa."

Mkewe alikwenda naye dukani. Alipofungua droo kutafuta chanuo la mashine ammalizie, akaviona.

Kinyozi aliporudi na mzizi wake ndani ya gazeti, alimkuta mkewe amekaa kwenye kiti cha wateja. Mbele yake, chini ya kioo, vile vitu vimepangwa mstari, na kioo kilivizidisha mara mbili.

"Nimepiga simu hospitali," alisema. "Daktari hakusafiri popote. Alikungoja."

Kinyozi akaliviringisha upya gazeti lenye mzizi.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua. Wewe umefichuliwa na nusu kichwa cha mtu. Umshukuru Mungu."

"Naogopa, mama watoto."

"Na mimi je? Mimi naogopa tangu ile siku ya chumvi. Ila mimi sina droo."

Kinyozi alisogea kwenye kioo. Alivitazama vile vitu: bangili, asali, jiwe, chupa, gome. Mzizi ulikuwa bado mkononi, na aibu ilikuwa kwamba hata sasa, mbele ya macho ya mkewe, moyo wake uliuambia mzizi ule: labda wewe. Alimjua mtu huyu. Alikuwa akimtolea sauti kila Jumamosi.

"Nitakwenda," alisema. "Jumatatu nimalizie kazi, Jumanne unipeleke mwenyewe. Unishike mkono nisitoroke."

"Nitakufunga kamba."

Mtunzi alipoelezwa habari, alikaa chini kwenye kibao cha fundi. "Mimi niliyekuwa nakwambia uichafue," alisema. Kisha akamwekea karatasi ya mwisho juu ya taulo. Humo Mkusanyi anasimama mbele ya kengele, anamwambia shujaa kwamba anaitaka ili atawale dunia.

Kinyozi akatikisa kichwa. "Si kweli, mama."

"Mkusanyi ni mwovu. Mwovu anataka kutawala."

"Anayetaka kutawala hutafuta askari. Huyu askari anao tele, anawaacha vitani, anakimbilia kikombe. Kwa nini?" Alipumzika, kila sentensi ilimkata. "Anaogopa. Kitana kilimlazia hofu, ikaamka. Akataka kikombe. Ikaamka. Hajali kengele inafanya nini. Anachojali ni kwamba bado hajaipata. Maadamu kuna kitu hajakipata, anaweza kujiambia hicho ndicho kitakachomwokoa, na hana haja ya kuingia kule asikotaka kuingia."

"Na vijiji anavyochoma?"

"Mtu mwenye hofu haoni kijiji. Mimi nimemwacha binadamu na nusu kichwa, sikumwona."

Mtunzi aliiondoa karatasi juu ya taulo. "Basi sema wewe."

Taa nyekundu ikawaka. Safari hii fundi mitambo hakupiga miayo. Alisogea karibu na kipaza sauti, akauliza kama shujaa, kwa sauti ya kuuliza kweli:

"Kengele unaitakia nini?"

"Nisikie kitu kikilia," alisema Mkusanyi. "Kwangu kumekuwa kimya mno."

"Na ukishaipata?"

"Nitatafuta nyingine. Nakuomba, usiniambie kwamba hakuna nyingine."

Fundi alisahau kuzima mashine.

Jumanne mkewe alimshika mkono mpaka kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo wakaachanishwa. Taa za dari zilimpita moja moja. Alitaka kumtania muuguzi, kama alivyowatania watu wote maishani mwake, akafungua mdomo, na hakupata neno. Alitetemeka hadi magurudumu ya kitanda yakawa yanalia. Hakuna aliyemwambia kuwa jasiri anatetemeka au hatetemeki. Aliingia, basi.

Alipozinduka alikatazwa kusema mpaka kidonda kipone, hata kunong'ona. Majibu yalipokuja, uvimbe haukuwa na saratani. Mkewe alilia kwa ajili ya wote wawili. Kuhusu sauti, daktari alirudia neno lake lile lile.

Jumamosi mzee wa kitanda cha pili alifungua redio yake ndogo. Wodi nzima ikanyamaza. Mkusanyi akaomba asiambiwe kwamba hakuna nyingine.

"Huyu mshenzi nimemchukia miaka yote," mzee alimwambia kinyozi. "Leo ananitia huruma. Wewe unamsikilizaga?"

Kinyozi akaitikia kwa kichwa. Akavuta shuka mpaka kidevuni. Ilikuwa kama kusikia mazishi yako yakitangazwa na wewe mwenyewe: sauti ile ilikuwa nje, ndani ya kijisanduku, na kooni mwake hakujua kuna nini.

Ilipofika siku ya kujaribu, daktari alivuta kiti. "Sema chochote. Polepole, usilazimishe."

Kinyozi alikaa tu. Alijua kwamba maadamu hajajaribu, sauti ipo na haipo, na angeweza kuishi na nusu hiyo. Mkewe alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika mkoba wake kwa mikono miwili, uso umempauka. Naye alikuwa akiogopa, na alikuwa bado amesimama palepale.

Akamwita, kwa jina la ujana wao, ambalo hakuwa amelitumia tangu watoto wazaliwe.

Ilitoka nyembamba, nusu yake upepo, kama uzi unaotafuta tundu la sindano. Haikuwa ya Mkusanyi. Haikuwa yake ya zamani pia. Mkewe aliziba mdomo kwa kiganja.

"Sijasikia vizuri," alisema, na alikuwa amesikia.

Kinyozi akaogopa kurudia, maana huenda lile moja ndilo lililobaki.

Akarudia.