Mbweha wa Ruziba na Sebule ya Mama Riziki

Siku ya kwanza ya kazi nilikwenda na viatu vya kisigino. Nacheka nikikumbuka. Nilikuwa nimetoka shuleni na cheti cha infirmiye wa mifugo, yaani muuguzi wa wanyama, yule anayemsaidia daktari kupiga sindano, kuzalisha na kupasua. Nikawaza kwamba mtu wa serikali lazima apendeze. Biro yetu, yaani ofisi, ilikuwa Kamenge, kaskazini mwa mji, chumba kimoja chenye meza na ndoo. Shefu wa Sekta, mkubwa wa ofisi hiyo, alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"We binti, unaenda mu arusi?"

"Apana, Shefu. Nimekuja kazini."

"Basi vaa zile botini. Kuna mbuzi imekufa hapo nyuma ya soko, na watu wawili wanataka kupigana."

Mwenye mbuzi alikuwa anaapa kwamba mbwa wa jirani ndiye kaua. Jirani anaapa kwamba mbuzi alikufa kwa tumbo, mbwa akaja kula tu. Mimi nikaanza kuwauliza maswali, kwa heshima zote. Shefu akanishika bega.

"Usiulize mutu kitu. Toa ngozi kwanza."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, vijana, na sijawahi kupata linalolizidi. Ukiuchuna mzoga, utazame nyama chini ya alama za meno. Mnyama aliyeng'atwa akiwa hai, damu huvilia pale, nyama inakuwa nyeusi kama imepigwa rungu. Aliyeng'atwa akiwa ameshakufa, utakuta matundu makavu tu. Yule wa Kamenge alikuwa na matundu makavu. Jirani alishangilia, mwenye mbuzi akanitukana, nami nikarudi ofisini na botini zimenipwaya, nimefurahi ajabu.

Kutoka Kamenge nilipelekwa machinjioni, chini ya Mkaguzi wa Nyama, mzee mkali aliyekuwa hasemi mpaka anywe chai. Huko nilijifunza mapafu, maini na bandama mpaka nikawa naviota. Watu wananiuliza kama sikuchoka na damu. Wee! Nilipenda. Mume wangu alikuwa akilalamika harufu, namwambia harufu hiyo ndiyo inayoleta wali hapa nyumbani, anavuta sahani.

Lakini kituo nilichokipenda kuliko vyote ni Ruziba, kusini mwa mji, pale kando ya ziwa. Asubuhi wanawake wanaanika ndagala, dagaa wa ziwani, jioni wanalima mihogo, na katikati ya hayo kila mtu ana mbuzi. Mkubwa wangu alikuwa Daktari wa Komine, yaani wa wilaya, mtu mpole, mrefu, anayeinama akiingia kila mlango. Watu walimwita Dokta, na mimi wakaniita Mama Veterineri. Jina hilo limenishika mpaka leo.

Huko ndiko nilikokutana na Mama Riziki. Alikuwa mjane, alivuka kutoka Kongo wakati wa vita akiwa na kitenge alichovaa na mtoto mgongoni. Alikaa kambini miaka, akanunua mbuzi jike mmoja, yule akazaa, wakazaliana, na kwa mbuzi hao akajenga nyumba ya matofali Ruziba. Sakafu ya simenti nyekundu, aliisugua mpaka ukajiona uso. Sebule ina viti vya kochi vyenye vitambaa vya kufuma. Ungeingia pale ungevua viatu bila kuambiwa.

Mwaka ule mbweha walimwandama. Wenyeji wanamwita imbwebwe, mnyama wa kimo cha mbwa mdogo, ana mstari mweupe ubavuni, analala ndani ya matete na kutoka alfajiri. Mbuzi mkubwa anamshinda, lakini kitoto kilichozaliwa sasa hivi, hakijasimama vizuri, hicho ni chakula chake. Kila mbuzi wa Mama Riziki aliyezaa, asubuhi unakuta mama peke yake, analia. Wengine wakaugua viwele kwa maziwa yasiyonyonywa, wakafa. Akabaki na jike mmoja mwenye mimba, mweupe, akimwita Bi Arusi.

"Mama Veterineri, huyu akipoteza mutoto, mi nimekwisha," aliniambia. "Nilianza na moja. Siko tena na nguvu ya kuanza na moja."

Siyo yeye tu aliyeumizwa, ila yeye ndiye aliyeumia zaidi. Maneno yakawa mengi hadi Shefu wa Zoni, mkuu wa eneo letu, akaita mkutano uwanjani kwake. Mzee Sabasi, kiongozi wa wawindaji, alikuja na mbwa wake waliofungwa kengele za mbao shingoni. Bwana Mazingira, yule anayelinda matete ya ufukweni, alikuja na kofia yake ya kijani. Walikaa mbali kabisa.

"Babu yangu aliwinda na mbwa hapa," alisema Mzee Sabasi. "Baba yangu aliwinda. Mbweha walikuwa wanajua mupaka. Sasa banasema tusiwinde, na mbweha wenyewe banasikia, ndio maana banatucheka."

Watu wakapiga makofi.

"Muzee, sheria iko," alijibu Bwana Mazingira. "Na mbweha huyo ndiye anakula panya kwenye mihogo yenu. Mukimumaliza, mutakuja kulia kwangu juu ya panya."

"Panya haikule mbuzi!" mtu akapaza sauti nyuma, tukacheka wote, hata yeye Bwana Mazingira.

Jirani mmoja wa Mama Riziki akasema hakuna haja ya mbwa wala sheria. Tuweke dawa ya pamba, ile sumu ya wadudu, ndani ya utumbo, tuutupe kwenye matete. Hapo nilisimama bila kuombwa. Nilisema atakayekula wa kwanza ni mbwa wa Mzee Sabasi, wa pili ni mwewe, na wa tatu ni mtoto wa mtu atakayeokota samaki pale. Mzee Sabasi akamgeukia yule jirani kwa jicho ambalo lilimkalisha chini.

Dokta akainuka. "Kabla hatujamuhukumu mbweha, tujue kama ameua. Labda vitoto vinazaliwa vimekufa, na yeye anaokota tu."

Nitawaambia ukweli: nilikuwa nataka iwe hivyo. Nampenda mbweha, sijui kwa nini. Anatembea kama mtu anayekwenda kwa mkwe, kwa adabu, akitazama pembeni. Basi asubuhi ile ile, kwa jirani mmoja, kilikuwa kimepatikana kitoto kilicholiwa nusu. Nilikileta juu ya jani la mgomba, nikaomba bakuli la maji.

Kuna kipimo ambacho kila infirmiye wa mifugo anakijua. Unakata kipande cha pafu la kitoto kichanga, unakitia majini. Kama alizaliwa amekufa, hakuvuta pumzi, pafu ni gumu kama ini, linazama. Kama alipumua hata mara chache, kuna hewa ndani, linaelea. Watu walisogea mpaka nikakosa mwanga. Nikatia.

Kikaelea.

Moyo wangu ulishuka, lakini nilisema kwa sauti ili wote wasikie: "Huyu alizaliwa mzima. Na shingoni damu imevilia. Mbweha ameua." Mzee Sabasi alinipa mkono kama vile nimeshinda uchaguzi. Bwana Mazingira aliitazama kofia yake. Shefu wa Zoni akakata shauri: Jumamosi wawindaji waruhusiwe kuwafukuza mbweha mashambani, lakini wasiingie kwenye matete.

Nilikwenda kuutazama uwindaji huo, siwezi kusema uongo, ulikuwa mzuri kuona. Asubuhi imetakata, ziwa limetulia, wanaume wanaita, mbwa wanashuka katikati ya michikichi na kengele zao zinalia ko-ko-ko. Kengele ni ya kumtisha mnyama atoke na ya kumwambia mwenye mbwa alipo mbwa wake. Mbweha akatoka kweli. Nilimwona. Alikatiza shamba la mihogo bila haraka kubwa, akaruka mfereji, akaingia kwenye matete, huyoo, kwaheri. Mbwa walifika kwenye mfereji wakakosa harufu.

Sasa mbwa wa kuwinda aliyekosa windo ni mtihani. Damu imechemka, hana pa kuimwaga. Na kando ya mfereji ule, Bi Arusi alikuwa amefungwa kamba kwenye kigingi, tumbo liko hivi, anakula majani yake.

Yesu wangu! Walimzunguka wote. Akakimbia kuzunguka kigingi, kila akizunguka kamba inakuwa fupi, mpaka ikamkaba shingo, akaanguka, ulimi nje. Mzee Sabasi alikuwa mbali, anaita mpaka sauti inapasuka. Aliyefika wa kwanza ni Mama Riziki, ametoka jikoni na mwiko, ugali bado umeganda juu yake. Alipiga mbwa, akapiga kigingi, akampiga na kijana mmoja wa wawindaji aliyekuja kusaidia.

"Nendeni! Nendeni na kengele zenu! Mbweha anakula mutoto, ninyi munataka kunikulia na mama!"

Nilikata kamba kwa kisu changu cha upasuaji. Bi Arusi akakohoa, akavuta pumzi. Niliweka viganja viwili tumboni, nikangoja, na Mama Riziki akinitazama mdomoni kama ndimo jibu litakamotokea. Nikasikia teke dogo la ndani.

"Yuko hai," nilisema. Alikaa chini kwenye majani akalia, mwiko mapajani.

Alipotulia nikamwambia: "Mama Riziki, huyu asilale nje tena, wala asifungwe kamba. Atazaa wiki hii. Muweke ndani."

"Ndani wapi?"

"Ndani mwako."

Aliniangalia kama nimemtukana. "Mutu ya mujini analala na mbuzi? Mama, mi nimelala na mbuzi mu kambi. Chini ya shitingi moja ya plastiki, mbuzi, mutoto na mimi, mvua inaingia. Nilimuapia Mungu, siku atanipa nyumba, mbuzi haitakanyaga mule."

Nikakaa naye kwenye majani. Kwetu milimani, bibi yangu alilaza mbuzi ndani ya nyumba, upande wa pili wa kiambaza, na sikumbuki mbweha aliyewahi kutusumbua. Ndipo nikaelewa tulilolifanya sote pale Ruziba. Tulijenga matofali, tukaweka simenti, tukaona aibu, tukawatoa mbuzi nje na kuwafunga kamba karibu na matete. Halafu tukashangaa mbweha amekuwa jeuri.

"Mi nimelala na mbuzi mpaka siku nilipoolewa," nikamwambia. "Na bado nikaolewa."

Akacheka huku machozi yanatoka. Kisha akachukua mwiko wake, akarudi jikoni.

Jumapili nilipita kumtazama Bi Arusi. Nikamkosa kigingini, nikaogopa. Nikasikia nyimbo nyumbani, maana siku hiyo kikundi cha maombi cha akina mama kilikuwa kwake. Nikavua viatu, nikaingia. Zulia limekunjwa. Vitambaa vya kufuma vimeondolewa. Na katikati ya simenti nyekundu, juu ya nyasi safi, Bi Arusi amelala anasukuma, akina mama wamemzunguka na vitabu vyao vya nyimbo.

"Karibu, Mama Veterineri," alisema Mama Riziki bila kunitazama. "Usiseme kitu."

Nilinawa. Kitoto kilikuwa kinakuja vibaya, miguu ya nyuma mbele, na hapo hakuna kusubiri, kwa sababu kitovu kikibanwa mtoto anazama ndani kwa ndani. Mke wa mchungaji, kwa nguo yake nyeupe ya Jumapili, alishika kichwa cha mbuzi. Nilivuta. Kikatoka kimelegea, hakisogei. Nilifuta pua, nikaingiza unyasi puani, hakuna. Nyimbo zikakatika. Nikakishika miguu ya nyuma, nikasimama, nikakizungusha hewani, makamasi yakaruka mpaka kwenye kochi. Hakuna. Nikazungusha tena. Mama Riziki alikuwa ameshika mdomo kwa mikono yote miwili.

Kikapiga chafya.

Vigelegele vya siku ile, nadhani walivisikia ng'ambo ya ziwa. Nimepasua mapafu mengi maishani kujua kama yaliingiwa na hewa. Siku hiyo niliyaona yakijaa hewa mbele yangu, ubavu mdogo unapanda na kushuka juu ya simenti iliyosuguliwa, na nililia kama mtoto mbele ya kikundi cha maombi.

Wiki iliyofuata Mzee Sabasi alikuja na matofali ya kuchoma kwenye mkokoteni, hakusema samahani, alisema tu, "Ukuta utaegemea wapi?" Akamjengea chumba cha mbuzi kilichoshikana na jiko, kina mlango wa kuingilia ndani. Majirani wakaja kutazama, kisha wakajenga vyao. Bwana Mazingira na Mzee Sabasi hawajapatana mpaka leo. Mmoja anasema mbweha ni wa Mungu, mwingine anasema mbwa pia ni wa Mungu. Wakikutana kwenye misa, wanasalimiana na kuendeleza mjadala pale walipouacha.

Nimestaafu sasa. Naishi Mutanga Sud na binti yangu, karibu na chuo kikuu, mtaa wa watu wa vitabu. Vijana wa huko wanapoijua kazi yangu huniuliza, mama, wewe uko upande gani, wa mbwa au wa mbweha? Wanataka nijibu kwa sentensi moja. Nawahadithia Ruziba yote, chai inapoa, na wengine huondoka hawajaridhika. Ni sawa. Kazi imenipa magoti mabovu, mikono isiyotetemeka na watu wengi wanaoniita njiani. Sina ninachodai.

Mama Riziki yuko, mbuzi wake siwezi kuwahesabu, na simenti yake bado inang'aa. Mwezi uliopita nililala kwake. Alfajiri mbweha akalia kwenye matete, karibu sana. Mama Riziki akageukia ukutani, akasikiliza mbuzi wake wakicheua upande wa pili wa mlango, akavuta shuka.

"Mwache alie," alisema. "Sisi bote tuko ndani."