Pipa la Mau Narok

Pritam Singh alizaliwa katika nyumba za reli mjini Nakuru, na tangu ujana kazi yake ilikuwa kuchomelea vyuma: mageti, matangi, majembe ya trekta. Jamaa zake walipoanza kuhamia Uingereza, alibaki. Hata mkewe Tejinder alipoondoka na watoto, alibaki.

Mwaka wa sabini na nne mafuta ya taa yalipanda bei, na msituni walinzi wakaanza kuwafukuza akina mama wa kuni. Pritam alikuwa amesoma katika gazeti la India jinsi samadi inavyotoa gesi. Akapanda Mau Narok kwa Jepkoech, mteja wake wa zamani ambaye moshi ulikuwa umemharibu kifua. Walichimba shimo, wakalijengea matofali, wakalijaza mavi ya ng'ombe na maji, kisha wakalifunika kwa pipa lililopinduliwa. Mpira mwembamba ukapeleka gesi jikoni. Ilichukua wiki nyingi, kwa ile baridi ya mlimani, lakini moto ulikuja, wa buluu, usio na moshi. Jepkoech akaanza kulala bila kukohoa.

Kikundi cha akina mama kikaomba kuja kuuona Jumamosi. Wakiukubali, kila mwanachama angejengewa shimo lake na pipa. Pritam akamwambia Tejinder kwa simu ya posta, "Wakikubali, mrudi. Wakikataa, nitakuja mimi."

Jumamosi hiyo alikuta boma la Jepkoech limefagiliwa na kuta zimekandikwa upya. Wangu, mwenyekiti wa kikundi, alikuwa ameshaketi mbele.

"Kalasinga," alisema, "ni kweli unataka tupikie wazee wetu na mavi?"

"Si mavi, mama. Ni hewa yake."

"Hiyo ndiyo mbaya zaidi!"

Wakacheka, naye akacheka. Akawasha kibiriti, akafungua koki. Moto haukuwaka. Akawasha kingine. Alipotoka kuangalia pipa, harufu ikamfikia: dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe.

Jepkoech alimfuata, akiwa na kitambaa kipya kichwani. "Nilisafisha, fundi," akanong'ona. "Mimi na vijana tuliinua pipa jana, tukatoa ule uchafu wote, tukaosha shimo na dawa, tukaweka mavi mapya. Wageni hawawezi kuja kwangu wakute kitu kimeoza." Kisha akaona uso wake. "Nimeharibu?"

Kile kilichooza ndicho kilichokuwa kikitoa moto. Pritam hakuwahi kumweleza hivyo. Alikuwa amemwambia tu asikose kuongeza mavi kila asubuhi. Nyuma yao wanawake walikuwa wanangoja. Neno moja lingemwokoa yeye na kazi yake, na Jepkoech angebaki kuwa hadithi ya kila kisima na kila harusi.

Akarudi jikoni. "Pipa langu linavuja," alisema. "Nilichomelea vibaya."

"Basi shika mageti, fundi," Wangu alisema, si kwa ubaya, akakusanya leso yake. Wakanywa chai iliyochemshwa kwa kuni, wakaenda.

Alirudi mwezi uliofuata na matofali mapya, akitumaini kuanza tena na Jepkoech peke yake. Alisikia kikohozi kabla hajafika langoni. Shimo lilikuwa limefukiwa. Pipa lilisimama chini ya paa, likikinga maji ya mvua.

"Watoto wa jirani wananiita Mama Mavi," Jepkoech alisema bila kumtazama. "Wanaimba nikipita. Wacha tu, fundi."

"Ningewaambia ukweli," alisema Pritam, "wangeimba vilevile."

"Wangeimba zaidi." Akakohoa, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, labda ni moshi. "Utakunywa chai?"

Alikunywa, akiinamisha kichwa chini ya ule moshi. Kisha akashuka Nakuru, akaitafutia karakana yake mtu wa kuichukua, na kabla ya Krismasi alikuwa ameondoka.