Kwaya Iliimba Kupona Kwangu

Mwaka huu nilitupa pompi yangu ya asma, ile ya kuvutia dawa ya pumu, ndani ya choo cha shimo, kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, nikiwa na akili timamu na tumbo lililoshiba. Hakuna aliyeniambia niitupe. Mchungaji hakusema, mke wangu hakusema, na shetani naye, nikimtendea haki, hakusema. Ilikuwa Jumapili ya mavuno, siku ambayo kanisa letu hapa Kamina hujaa mahindi, mihogo na kuku waliofungwa miguu, na watu husimama mmoja mmoja kueleza Mungu amewatendea nini. Mimi sina shamba. Ni fundi wa kushona, mtu wa kukaa nyumbani, na mavuno yangu ni vipande vya vitambaa. Nikaona nitaonekana mikono mitupu. Basi nikatoa kifua.

Nilisema kwamba tangu utoto nilipumua kwa shida, kwamba shuleni nilikuwa nalinda nguo za wenzangu wakicheza mpira, na kwamba sasa nimemaliza miaka mitatu bila kushikwa hata mara moja. Hayo yote yalikuwa kweli. Ningekaa hapohapo ningekuwa salama. Lakini akina mama walikuwa wameanza kuitikia, na mimi, ambaye nyumbani kwangu hata kuku hawanisikilizi, nilionja utamu wa kusikilizwa. Nikatangaza kwamba asma imekwisha kabisa, haitarudi, na pompi siihitaji tena. Mchungaji alisema asante, papa, ukae. Nilipofika nyumbani nikaona ni lazima matendo yafuate maneno. Niliisikia ikigonga ukuta wa shimo mara mbili.

Asma ilirudi kiangazi, mwezi wa saba. Kamina mwezi huo asubuhi ni baridi, watu wanachoma nyasi pembeni mwa mji, na moshi haupandi. Unalala barabarani pamoja na vumbi jekundu kama wageni wasio na haraka ya kurudi kwao. Nilikuwa nakata kitambaa. Nikahisi kitu kidogo chini ya koo, kama uzi uliokwama. Nikakohoa. Uzi haukutoka. Nikajiambia ni vumbi la kitambaa, nikafungua dirisha, moshi ukaingia, nikalifunga tena.

Watu wenye mapafu mazuri wanadhani taabu ni kuvuta hewa. Kuvuta unaweza. Taabu ni kuitoa. Unavuta, inaingia, na kabla haijatoka unavuta nyingine, mpaka kifua kinajaa kama gunia lililoshindiliwa na bado unasikia njaa ya hewa. Halafu inaanza ile filimbi, nyembamba, yenye sauti mbili. Siku ya kwanza niliisikia nikageuka kuangalia mlango, nikidhani kuna mtoto nje. Nilikuwa mimi.

Ningekuwa na akili ningeenda farmasi jioni ileile. Farmasi ya mtaa wetu iko hatua mia mbili kutoka kwangu. Lakini mwenye farmasi ndiye kiongozi wa kwaya yetu, na siku ile ya ushuhuda wangu alilia waziwazi, akapangusa machozi kwa kitabu cha nyimbo. Si kulia tu. Alikwenda nyumbani akatunga wimbo, nusu Kiluba nusu Kiswahili, kuhusu fundi ambaye pumzi yake ilifungwa na sasa imefunguliwa. Wimbo ungeimbwa Jumapili kanisa litakapopokea kwaya ya wageni kutoka Luena, na fundi mwenyewe angesimama mbele wakati wa kuimbwa. Mashati ishirini na mawili ya kwaya ya siku hiyo aliagizwa nani? Mimi. Kitambaa kilikuwa kipya, kimejaa wanga. Kila nilipokikunjua kilipiga unga hewani.

Sasa niwekeni kwenye mizani. Nimwendee yule mtu, nimwambie, ndugu, tafadhali niuzie kile ulichotungia wimbo kwamba sikihitaji?

Nikaenda farmasi za sokoni, polepole, nikisimama kila baada ya nyumba tatu na kujifanya naangalia saa ambayo sina. Pompi hakuna. Wa kwanza aliniambia ningoje treni kutoka Lubumbashi. Wa pili aliniambia nisingoje treni. Alinipa vidonge vyeupe ambavyo viliufanya moyo ukimbie na mikono itetemeke, na jioni hiyo nilishona kola ya shati mgongoni. Kifua kilifunguka saa moja, kikajifunga tena.

Mke wangu hakuwepo. Alikuwa amekwenda Kabondo-Dianda kununua samaki wakavu wa kuja kuuza, na barabara ya kule ikoje kila mtu anajua. Mtu anasema wiki moja na anarudi baada ya nne. Kwa hiyo hakukuwa na wa kunikaripia. Kutotoka nje kwangu kulinisaidia pia. Mtu mwingine akipotea siku tano watu wanauliza. Mimi nikipotea siku tano wanasema, fundi iko ku nyumba, kama kawaida.

Ila jirani. Nyumba zetu ni zile za reli za zamani, familia mbili ukuta mmoja, na uwanja wa nyuma ni wetu sote. Upande wa pili anakaa mjane wa dereva wa treni, mama mnene mwenye sauti ya alto inayotikisa sufuria zangu. Kwa kuwa mimi hushinda ndani na yeye hushinda nje, alinipa jina la bibi-arusi. Akiniona nimetoa kichwa mlangoni huuliza kama mahari yamekamilika. Nilijua masikio yake. Basi nikawa nawasha redio asubuhi mpaka usiku, habari, mahubiri, bei ya mahindi, chochote, ili filimbi ya kifua changu ifunikwe. Mara moja aliuliza ukutani tangu lini nimependa mpira wa Ulaya. Nilijibu tangu zamani. Maneno mawili, kwa pumzi mbili.

Jumanne na Alhamisi alasiri kwaya ilifanya mazoezi uwanjani kwetu, kwa sababu mjane ndiye mkubwa wa alto. Nilikuwa nakaa nyuma ya pazia, nimekalia kiti kinyume, mikono juu ya mgongo wa kiti, mabega juu kama tai aliyelowa, namsikiliza fundi aliyefunguliwa pumzi akisifiwa kwa sauti nne. Wimbo ulikuwa mzuri, hilo nakubali. Walipofika kwenye neno la kufunguliwa, soprano walilishikilia kwa muda mrefu sana, na mimi nilijaribu kuutoa mvuto mmoja wa hewa kabla hawajamaliza. Sikuwahi. Wakarudia tena. Hapo niliogopa vibaya, si ile hofu ya aibu, bali hofu nyingine, ya chini zaidi. Nilianza kuhesabu vitu ambavyo vinahitaji pumzi. Kuinama kuchukua sindano. Kupiga pasi. Kula bukari, yaani ugali: tonge moja, pumziko, tonge. Vitu vikawa vinaondoka mikononi mwangu kimoja kimoja, na kila asubuhi nilijiuliza leo kitaondoka kipi.

Wiki ya tatu akina mama wa kwaya walikuja kupima mashati. Kupima kifua cha mtu huku umebana pumzi yako ni kazi ambayo sikufundishwa. Mmoja aliniuliza kwa nini jasho linanitoka na baridi hii. Nikasema ni furaha ya wimbo. Kiongozi wa kwaya mwenyewe alipita mara mbili, akasimama mlangoni, akauliza kifua kinaendeleaje. Aliuliza taratibu, akiniangalia. Mara zote mbili nilimjibu kwa sifa kwa Bwana, fupi iwezekanavyo.

Alhamisi kabla ya Jumapili yenyewe akaja kujaribu koti lake, maana yeye kama kiongozi alitaka koti. Lilikuwa na mkono mmoja tu, wa pili nimeushikiza kwa pini. Nilikuwa nyuma yake napima upana wa mabega. Akawa anavuma ule wimbo, polepole. Nikanyoosha mkono kuweka alama ya chaki, chaki ikapukutika, na kifua kikafunga. Hakikubana, kilifunga kama mlango.

Nilimwambia kuna kitu kwenye moto. Nadhani nilimwambia, labda nilionyesha kidole tu. Nikatoka nyuma. Kwenye mbabula, jiko langu la makaa, hakukuwa na kitu ila makala ya asubuhi yaliyobaki na moshi wake. Nikashika beseni la kufulia kwa mikono miwili, nikainama juu yake. Ndani nilimsikia akivuma ubeti wa pili. Alikuwa na adabu, alikuwa ananisubiri. Mtu mwenye dawa alikuwa mita sita kutoka kwangu, amevaa koti la mkono mmoja, na mimi nilikuwa nafikiri, nakiri, nilikuwa nafikiri kwamba nikifa hapa angalau sitalazimika kumweleza.

Jirani alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo. Mchi ukanyamaza.

“Fundi. Midomo yako iko namna gani hiyo?”

Nilitikisa kichwa, nikaonyesha ndani ya nyumba, nikaweka kidole mdomoni. Nilikuwa namwomba anyamaze. Mpaka leo nikikumbuka kile kidole natamani kukiuma.

Aliniangalia mimi, akaangalia mlango, akaelewa kila kitu kwa muda wa kuweka mchi chini. Halafu akatumia ile alto.

“Papa wa kwaya. Acha kuimba. Ule mutu wa wimbo yako anakufa huku.”

Kiongozi wa kwaya alitoka mbio kupitia mlango wa mbele. Watu wa mtaa bado wanasimulia jinsi mkono wa pili wa koti ulivyoachia pini na kubaki katikati ya barabara. Jirani alinikalisha chini, akanishika mgongo kwa kiganja, hakusugua, hakuomba kwa sauti, aliniambia tu nitoe, nitoe, nisivute, nitoe. Sijui aliyajulia wapi hayo. Pompi ikaja. Nilivuta, nusu ikaishia kwenye ulimi, maana pumzi ya kuivutia haikuwepo. Nikavuta tena. Uchochoro mdogo ukafunguka, wa kupitisha sindano.

Haukutosha. Wakanipakia kwenye pikipiki, mimi katikati, dereva mbele, jirani nyuma akinishikilia kama gunia la makala, na mchi wake, sijui kwa nini, akiwa ameubeba. Kwenye kituo cha afya muuguzi alichukua chupa tupu ya maji ya plastiki, akatoboa tundu chini yake kwa kisu alichokipasha moto, akaingiza pompi kwenye tundu na mdomo wa chupa mdomoni kwangu. Akasema nipumue tu humo ndani ninavyoweza, dawa itanisubiri kwenye chupa. Akapiga moja. Nikapumua. Akapiga nyingine. Alikuwa anahesabu kwa sauti, na sijawahi kusikiliza mahubiri kwa makini namna ile.

Nilibaki pale siku nne. Ile Jumapili ya wageni wa Luena ilinipita nikiwa kitandani. Muuguzi aliniuliza pompi yangu ya zamani iko wapi, nikamwambia imepotea. Aliandika. Kisha akanieleza kwamba ile miaka mitatu mizuri ilikuwa mizuri kwa sababu ya dawa niliyokuwa navuta kila siku, na kwamba mwaka huu moshi ni mwingi, kifua kimevimba ndani, hakitatulia kwa wiki moja. Kuna ya kuvuta asubuhi na jioni hata nikijisikia kijana, na kuna ya kuvuta nikibanwa. Nisiache. Mara tatu alisema nisiache, kama aliyesoma uso wangu.

Na kweli hakijatulia. Naandika haya wiki ya pili baada ya kurudi, na bado naamka nasikiliza kwanza ndani ya kifua kabla ya kusikiliza jogoo. Naitikisa pompi sikioni kujua imebaki kiasi gani. Mbabula sasa iko mbali uwanjani, na kitambaa nakikunjua nje, nimejifunga kitambaa kingine puani kama mwizi.

Lakini kilichonila zaidi ni kanisa. Niliandika maungamo, kurasa mbili, kwa mwandiko wangu wa shule. Mle niliungama kwamba niliwadanganya ndugu, kwamba nilimfanya kiongozi wa kwaya atunge uongo, kwamba nilijificha wiki tatu nyumbani mwangu mtu yeyote asijue, na kwamba niko tayari kusimama mbele ya wote Jumapili hii na kupokea aibu yangu. Jana alasiri nikatoka nazo uwanjani, nikamsomea jirani nione kama zinafaa. Nilipumzika mara nne katikati, mara mbili kwa ajili ya kifua na mara mbili kwa ajili ya machozi yangu mwenyewe, ambayo niliyaona yanapendeza.

Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ndani ya beseni la majani ya muhogo. Kisha akasema:

“Hiyo karatasi washia moto, lakini mbali na pua yako. Kwaya yote ilijua tangu juma ya kwanza, tulikuwa tunakusikia ku dirisha, njo maana tulikuwa tunaimba nguvu. Na pompi ilikuwa inakungoja ku farmasi wiki mbili muzima, papa wa kwaya aliiweka pembeni juu yako, alikuja kukuuliza mara mbili na weye unamujibia sifa kwa Bwana. Weye peke yako njo haukujua kama uko mugonjwa.”